Mimi ndiye niliyeshika tochi

Wiki hii mmeuliza: daktari aliyetibu watu vitani, kisha akahamia ng'ambo, tumwite shujaa? Niliposoma tu nikajibu hapana. Shujaa wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ni yule aliyebaki Bukavu. Lakini yupo daktari mmoja niliyezoea kusema ana deni letu, na sasa sijui nani anamdai mwenzake.

Juni 2004, wanajeshi waasi wa makamanda Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji, baba alipigwa risasi ya paja akifunga mlango wetu, mtaa wa Kadutu. Njia hazipitiki. Daktari huyo, jirani yetu, akaruka ukuta wa nyuma na mkoba wake. Umeme hakuna. Mama akachemsha mkasi na koleo juu ya babula, jiko letu la makaa; mimi, mtoto wa miaka 13, nikapewa tochi. "Mwanangu, uso wa papa wako usiutazame. Tazama mwanga wako unaangukia wapi." Dawa ya ganzi ilikuwa haba, akaidunga kwa kuibania. Mkono wangu ulipotetemeka alingoja hadi nikatulia, hakunigombeza. Akaufunga mshipa uliokuwa ukivuja, akasafisha matundu yote mawili, akayaacha wazi chini ya bendeji. Jeraha la risasi halishonwi siku hiyo hiyo, alimwambia mama. Betri zilikuwa zimechoka, mwanga umekuwa rangi ya chai. Akanawa, akaomba maji ya kunywa, akaruka tena ukuta: nyumba ya tatu kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu.

Baada ya miaka miwili daktari akaenda Kanada. Nilimkasirikia sana. Huko shahada yake haikutambuliwa, akakaa miaka akiwaogesha wazee zamu za usiku.

Watu hunitajia Dkt. Mukwege, wa hospitali ya Panzi, Bukavu: alishambuliwa nyumbani kwake Oktoba 2012, akakimbilia ng'ambo, na Januari 2013 akarudi Panzi. Ni kweli. Ila wanawake waliuza mananasi na vitunguu kumchangia tiketi ya kurudi. Daktari wetu, nani aliuza hata nanasi moja kwa ajili yake? Mshahara wake ulipita miezi bila kufika, nasi tulimlipa kuku, au tukamwambia Mungu atakulipa.

Basi ni shujaa, kwa usiku ule. Kuondoka kwake bado siwezi kusifu, maana yule mama wa nyumba ya tatu ana wajukuu sasa, nao huugua. Lakini neno "alitukimbia" nimelifuta.

Baba humpigia simu kila Jumapili. Humweleza kwanza mguu umeamkaje, ndipo amsalimie.