Kwa vijana wa zamu ya usiku: "Inapingi" si jibu

Wadogo zangu mliokuja fildi hapa kwenye kampuni yetu ya intaneti, na nyie mlioajiriwa juzi mkajiona wakongwe: jana tena nimemsikia mmoja wenu akimwambia mteja wa Tukuyu, "Huku kwetu inapingi, tatizo liko kwako." Nilimeza mate nikanyamaza. Leo naandika.

1. Kupingi ni kompyuta kuiuliza nyingine kupitia mtandao "upo?", basi. Mike Muuss aliiandika programu hiyo Desemba 1983, akiwa kwenye maabara ya balistiki ya jeshi la nchi kavu la Marekani kule Maryland, maana mtandao ulikuwa unamsumbua. Akaipa jina la mlio wa sona, ule mtambo wa manowari unaopiga sauti majini kisha unasikiliza mwangwi. Mwangwi ukirudi umejua kuna kitu. Kama kina afya, hujui. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ya baiti 56 itapita vizuri tu huku ukurasa wa mteja umekwama kwa sababu ya MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti inayoweza kupita njiani bila kukatwa. Pingi na pakiti kubwa isiyoruhusiwa kukatwa, ndipo umlaumu mtu.

2. SNMP, ile njia ya kuchungulia hali ya ruta kwa mbali: neno la siri la kiwandani, "public", libadilishwe siku ile ile ruta inapotoka kwenye boksi. Sitaki maswali.

3. Saa. Wazo la kupima njia kwa ICMP, zile jumbe ambazo pingi inazitumia, Muuss alilisikia kwa David Mills, na Mills huyo huyo ndiye aliyetuletea NTP, inayosawazisha saa za vifaa kupitia mtandao. Iwasheni. Ruta ambayo saa yake haijawekwa, inaamini tuko Januari 1970, haina ushahidi wa kukupa wa tatizo lilitokea saa ngapi.

4. Alamu isipite kwenye njia ile ile inayoilinda. Hapa kaeni vizuri.

Seva ya uangalizi niliifunga mwenyewe, hapa Mbeya, na niliringa nayo. Linki ikianguka, inamtumia SMS aliye zamu. Inatumaje? Kwa intaneti. Intaneti ipi? Ile ile. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza. Usiku mmoja wa masika faiba ikakatika. Zamu ilikuwa yangu, simu iko chini ya mto, kila nikishtuka naichungulia: kimya. Nikavuta blanketi nikasema leo mtandao umetulia, Mungu ni mwema. Asubuhi bosi ananiita. SACCOS moja ya Kyela haijafungua dirisha, wanachama wamejaa nje na vitabu vyao mkononi. Nikajitetea kwa kujiamini kabisa: "Bosi, sijapata alamu hata moja," nikaiweka simu mezani kwake aone. Mafundi wakawa wamemaliza kuunga faiba. Simu ikaanza kutetemeka. SMS za usiku kucha zilikuwa kwenye foleni, zikawa zinaingia moja juu ya nyingine, simu inatembea yenyewe juu ya meza mpaka ikadondokea kwenye kikapu cha taka. Bosi hakugomba. Aliinama, akaiokota, akanisomea ya kwanza kwa sauti, pamoja na saa iliyotumwa.

Na wala halikuwa jambo jipya. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza mizinga ilikuwa inakata nyaya za simu kila mara, ndiyo maana majeshi yaliendelea kutumia tarishi wa miguu na njiwa. Mwaka 1964 Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, alishachora mtandao wa kustahimili shambulio la nyuklia, kila kituo kikiwa na njia zaidi ya moja. Njiwa wetu sasa ni modemu ya GSM, inayotuma SMS kwa mtandao wa simu za mkononi, yenye laini yake na betri yake. Saa 12 asubuhi seva inatuma neno "nipo". Lisipofika, aliye zamu anaamka bila kuamshwa.

5. Ijaribuni hiyo alamu. Mchana, msimamizi akiwa na taarifa, chomoeni kebo ya linki yetu muone kama SMS inafika. Someni lebo kwanza! Kuna mtu amemchomoa mteja mwezi uliopita, anajijua, na dawati zima la huduma kwa wateja bado linamdai soda.