Mbwa katurushia maji ya bahari, nasi tukaswali papo hapo

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Naishi Moshi, tuna shamba la migomba Machame na mbwa wetu Simba analinda ng'ombe. Desemba tulikwenda kwa wakwe Pangani, tukamchukua kwa sababu nyumbani hakubaki mtu. Ufukweni akajitosa majini, alipotoka akajikung'uta, maji yakaturukia sisi na mkeka, kisha akamlamba mtoto mkononi. Alasiri tukaswali palepale mchangani. Mama mkwe anasema tulijinajisi na swala haikusihi, na safari ijayo mbwa abaki Machame, afungwe. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, binti yangu. Mama mkwe wako ana haki nusu, na nusu ile nyingine ndiyo inayonitia wasiwasi.

Bahari haikunajisika. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa juu ya maji yake akasema ni twahara, na maiti wake, yaani samaki waliokufa humo, ni halali. Mchanga nao asili yake ni usafi. Ardhi yote tumejaaliwa kuwa mahali pa kusujudia, na nyayo kavu juu ya mchanga mkavu hazihamishi kitu. Shida ni manyoya yaliyolowa. Mbwa akishatoka baharini, yale maji yanayomdondoka ni machache na yamegusa mwili wake, na kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi huku, hiyo ni najisi nzito. Huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama ilivyokuja katika Hadithi ya chombo alichoramba mbwa. Imam Malik aliona mbwa hai ni twahara, kwa hiyo usimcheke anayefuata njia hiyo. Lakini wewe umeuliza ndani ya madhehebu yako: aliyerukiwa akaswali na nguo ile, airudie Alasiri yake. Dakika kumi hazifiki.

Kuhusu udongo, wengi hukosea hapa. Huchota mchanga mweupe wa pwani, wakasugua, wakamaliza. Wanazuoni wetu walitaka wenye vumbi, na ule mchanga uliooshwa na mawimbi ukiusugua mkononi unakwaruza tu, hauachi kitu. Udongo mwekundu wa Machame, sasa, unajua unavyoshika kwenye kanga! Tia kiasi kwenye kopo, uweke kwenye buti ya gari. Mkono wa mtoto utauosha kwa dakika mbili: koroga udongo kwenye maji, paka, kisha mimina mara sita.

Sasa habari ya kumfunga. Mtume alitueleza mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na mtu mwingine alishuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa yuleyule ambaye mate yake tunayaosha mara saba! Mimi mate hayanitishi, maji yapo. Kinachonitisha ni siku tano za mnyororo mgombani, sufuria tupu. Simba wenu ni mbwa wa mifugo, na kumweka kwa kazi hiyo kumeruhusiwa waziwazi. Jirani akiwepo wa kumlisha na kumfungulia, abaki, na nadhani yeye mwenyewe atapenda zaidi kuliko joto la Pangani. Asipokuwepo, mchukueni.

Ila ufukwe ni wa watu wote. Kuna wavuvi wanaokarabati nyavu, kuna watoto wanaoogopa, kuna mwenye udhu wake anayengoja adhana. Mfungeni kamba fupi, mkae upande ambao upepo hautawapelekea wengine manyonyota yake, mzoe kinyesi chake, na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imeshachomwa kabla hamjaondoka. Mkeka wa kuswalia ubaki garini umekunjwa mpaka wakati wake.

Na njiani, mkisimama Mombo kula, mteremsheni naye anywe maji. Wallahu aalam.