Uzito wa kura si nguvu ya kura

Msomaji wa Tanga anauliza kama ni sahihi kuandika kwamba mwanachama mwenye kura 1 kati ya 17 "ana nguvu ya kura ya takriban asilimia 6", kama alivyosoma gazetini. Si sahihi, na sitachoka kulikemea kosa hili, kwa sababu linamvika mnyonge sauti asiyokuwa nayo. "Kura" tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao ilihusu kubahatisha ili apatikane mmoja. Neno hilo halina tatizo. Linaloumizwa ni "nguvu".

Tutazame Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya kuanzia 1958 hadi 1972. Ufaransa, Italia na Ujerumani Magharibi zilikuwa na kura 4 kila moja, Ubelgiji na Uholanzi 2 kila moja, Luksemburg 1, jumla 17, na pendekezo la Kamisheni, yaani chombo cha utendaji cha jumuiya hiyo, lilipita katika Baraza la Mawaziri kwa kura 12. Chukua karatasi, uiweke kando Luksemburg, ujumlishe kura za zile nchi tano nyingine upendavyo: 4 na 4 na 2 ni 10, 4 mara tatu ni 12, kila mara utapata namba shufwa. Ili Luksemburg igeuze uamuzi, wenzake walipaswa kufikisha 11 kamili, namba witiri ambayo haipatikani kabisa. Waziri wake anyooshe mkono au asinyooshe, matokeo ni yale yale. Nguvu gani hiyo?

Mwaka 1973, walipoingia Uingereza, Denmark na Ireland, Luksemburg ikapewa kura 2 kati ya 58, na zikahitajika 41. Fungu lake lilishuka hadi asilimia 3.4 hivi, lakini nchi nne kubwa, zenye kura 10 kila moja, ziliishia 40, na kura zake 2 ziliweza kuwavusha. Anayeliita fungu "nguvu" atatangaza kwamba nchi hiyo ilidhoofika pale pale ilipoanza kuhesabika.

Mwanasheria wa Marekani John Banzhaf alionyesha mwaka 1965 namna ya kuipima nguvu: hesabu miungano ya ushindi ambayo mwanachama akijitoa inashindwa. "Nguvu ya uamuzi" naivumilia. "Kura ya turufu" siikubali hapa, maana hiyo ni ya kuzuia peke yako.

Andika basi "uzito wa kura yake ni takriban asilimia 6", na kama hujaihesabu hiyo miungano, usitaje nguvu.