Mazishi hayachukui nafasi

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: binti yake wa kidato cha pili ameandika kwenye insha, "Mgonjwa alichukua dawa mara tatu kwa siku," mwalimu akapitisha wino mwekundu. Binti analalamika kwamba kwa Kiingereza dawa hutumiwa kitenzi *take*, na *take* kwa Kiswahili ni chukua. Mwenye haki ni nani?

Mwenye haki ni mwalimu. Dawa hunywewa, humezwa, hupakwa au hutiwa jichoni. Kuchukua dawa nako kupo, ila ni kitendo kingine: unafika dirishani, unataja jina, unakabidhiwa bahasha iliyoandikwa 2×3, unaondoka nayo. Bahasha ile inaweza kukaa kabatini mwezi mzima na bado ikawa kweli kwamba umechukua dawa. Hili si jambo la shuleni peke yake. Mgonjwa wa kifua kikuu ana miezi sita ya dozi. Muuguzi akimuuliza, "Umechukua dawa?" naye akajibu, "Ndiyo," wote wawili wamesema kweli na hakuna anayejua kama kidonge kimepita kooni. Aulizwe kama amemeza. Waandishi wa bahasha za dawa walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana walituachia "vidonge viwili, kutwa mara tatu", maneno ambayo bibi asiyesoma huyashika kwa kuyasikia mara moja.

Hilo *take* Waingereza waliletewa na Waviking waliohamia kwao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, likaliondoa neno lao la asili, *niman*. Tangu hapo limebebeshwa kila kazi: kuoga, kupiga picha, kupanda basi, kufanya mtihani, kukalia kiti. Chukua yetu haina ukoo nalo. Kiini chake ni kubeba. Ndiyo maana tuna mchukuzi anayebeba mizigo na Wizara ya Uchukuzi, ndiyo maana mwanamke huchukua mimba, na ndoo huchukua lita 20. Hata watu wawili wanaovumiliana tunasema wanachukuliana, kila mmoja amembeba mwenzake na udhaifu wake. Kutia mkononi tu, bila kubeba, zamani kulikuwa kutwaa. Waliotafsiri Injili ya Mathayo waliandika "Twaeni mle", na hadi leo watangazaji wa mpira wanasema timu imetwaa kombe. Basi anayetafsiri *take* kwa chukua kila anapoliona amekosea mara mbili: amelinyoosha neno letu lisipofika, na amelisahau lile lililokuwa karibu zaidi.

Lakini kosa la binti wa Morogoro ni dogo, na mwalimu amelishika mapema. Linalonikera ni lile la watu wazima wenye vyeti, wanaoandika bila haya: "Mkutano mkuu utachukua nafasi Jumamosi."

Nafasi ya nani? Kwa Kiswahili, kuchukua nafasi kuna maana tatu zinazojulikana, na zote ziko kazini. Kabati likiwa kubwa linachukua nafasi, yaani limejaza chumba. Mchezaji akiumia, wa akiba anaingia kuchukua nafasi yake. Na mshereheshaji akisimama na kipaza sauti husema, "Ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru," maneno ambayo yamechosha, lakini yana maana, kwa kuwa aliyepewa nafasi anaweza kuichukua. Sasa soma tena tangazo lile. Mkutano utajaza ukumbi? Utaondoa mkutano mwingine? Utashukuru? Mwandishi amelishika neno la Kiingereza, *take place*, linalosema jambo litafanyika, akalichambua vipande viwili kama samaki, akatafsiri kila kipande peke yake, kisha akatuandalia miiba.

Nimelisikia hata kwenye matangazo ya vifo: "Mazishi yatachukua nafasi saa kumi alasiri." Familia imefiwa, watu wamekaa kimya kusikiliza saa na mahali, na kinachosomwa ni kwamba marehemu wao anakwenda kujaza eneo. Mazishi hufanyika. Au semeni, kama tulivyozoea kusema, "Tutamzika saa kumi." Neno moja limembeba marehemu, wazikaji na kazi yenyewe.

Na hapa ndipo ninapotaka wahariri wanisikilize, kwa sababu hasara ni kubwa kuliko kosa la sarufi. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha matukio yote, na huo ni utajiri. Ndoa hufungwa. Maulidi na hitima husomwa. Mechi huchezwa, na wenye mpira wao wanasema hupigwa. Bunge hukaa. Kesi husikilizwa. Ngoma huchezwa, ajali hutokea, vita huzuka. Kitenzi chenyewe kinakupa nusu ya habari: ukisikia "itafungwa" unajua kuna mawili yatakayounganishwa, ukisikia "itasomwa" unajua kuna kitabu na wasomaji. Na pale ambapo hakuna kitenzi maalumu, "kufanyika" lipo, tena linafaa kwa semina, uchaguzi na mahafali bila kumkwaza mtu. Mwandishi anayeandika kwamba ndoa itachukua nafasi, mechi itachukua nafasi na maulidi yatachukua nafasi amezima taa zote hizo na kutuacha na giza la rangi moja. Ndugu yake wa karibu ni "kuchukua sehemu" kwa maana ya kushiriki. Ukichukua sehemu ya keki, wengine wanabaki na pungufu. Ukishiriki shughuli, wengine wanaongezeka.

Msomaji ataniuliza basi kama nataka kufuta kila chukua iliyonusa Kiingereza. Sitaki. "Safari inachukua saa sita" naikubali, ingawa wazee walisema "mwendo wa saa sita" na wakaeleweka. Kama ndoo yaweza kuchukua maji, safari nayo yaweza kuchukua saa, kitenzi hakijateguka kiungo. "Kuchukua hatua" nalo nimeliacha lipite, tena kwa moyo mweupe, maana limepata kazi ambayo "kupiga hatua" haiifanyi: anayepiga hatua anaendelea mbele, anayechukua hatua ameamua kutenda. Mkurugenzi anaweza kuchukua hatua kali na ofisi isipige hatua hata moja.

"Kuchukua tahadhari" ndilo bado linanikwaruza, hasa msimu wa mvua, tunapotangaziwa kwamba wakazi wa mabondeni wanashauriwa kuchukua tahadhari. Tahadhari ni kitenzi tayari, hakihitaji kubebwa na kingine. "Tahadharini na mafuriko" ni maneno matatu, na mtu anaweza kuyapaza kutoka paa moja hadi jingine maji yakiwa yameshaingia uani.