Kabla hujameza kidonge cha kwanza cha homa ya ini C

Siku niliyopewa dawa za homa ya ini C, mfamasia aliniuliza kama natumia dawa nyingine yoyote. Nikamjibu hapana. Nilipofungua mkoba kutia ile chupa mpya, akaona pakiti ya omeprazoli. Vidonge vya kiungulia! Nilikuwa nimevimeza miaka mingi hata sikuvihesabu kuwa ni dawa.

Akazuia chupa kwa kiganja. Nilikuwa nimeandikiwa sofosbuviri na velpatasviri katika kidonge kimoja, na velpatasviri huhitaji asidi ya tumboni ili iyeyuke vizuri. Omeprazoli huipunguza asidi hiyo. Daktari akanisimamishia omeprazoli, nikaanza dozi: kidonge kimoja kila siku, wiki 12.

Kwa hiyo nakusihi, nenda kliniki na kila unachomeza, pamoja na miti shamba na vya kununua bila cheti. Amiodaroni ya moyo ikikutana na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari. Rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa huidhoofisha dozi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mwachie daktari apange. Hakikisha pia umepimwa homa ya ini B kabla ya kuanza, maana virusi vya B vilivyolala vinaweza kuamka wakati C inatibiwa.

Dawa zenyewe hazikunitesa: kichwa kuuma kidogo, uchovu wiki za mwanzo. Waliotibiwa zamani kwa sindano za interferoni, wengine hadi wiki 48, walipata shida kubwa. Siku hizi zaidi ya asilimia 95 ya wanaomaliza dozi hupona.

Lakini kumaliza chupa si kupona. Kipimo cha virusi kinachothibitisha hufanywa wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Changu kilisema virusi havikuonekana. Baadaye nilipimwa kwingine, nikaambiwa bado ninao ugonjwa, nikalia njia nzima. Kumbe walikuwa wamepima kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo hubaki mwilini hata ukipona. Tunza karatasi ya kipimo cha virusi, uende nayo kila unakopimwa. Kingamwili hizo hazikukingi, unaweza kuambukizwa upya. Na kama ini lilishapata makovu ya sirosisi, endelea na ultrasaundi kila miezi 6, kwa kuwa hatari ya saratani haiondoki pamoja na virusi.