Kabla hujawaza oksijeni, ziba boila

Vijana wanaokuja mafunzo ya vitendo kwenye boila yetu hapa Igogo, Mwanza, huniuliza: kama tatizo ni hewa ukaa, kwa nini makaa ya mawe yasichomwe kwa oksijeni tupu? Swali zuri, ingawa boila yetu inakula kuni na makaa ya mawe yako kusini huko, Ngaka. Ila ukinitajia oksijeni, mimi niliyezoea kuchomelea kwa gesi nakuangalia mikono kwanza. Koki ya mtungi wa oksijeni haishikwi kwa mkono wenye grisi, maana grisi ikikutana na oksijeni inaweza kuwaka. Hilo halina mjadala.

Hewa ina naitrojeni asilimia 78. Haiungui, inapita tanuruni na kutokea kwenye dohani, ndiyo maana moshi wa makaa ya mawe huwa na hewa ukaa kama asilimia 12 hadi 15 tu, na kuichuja humo ni ghali. Naitrojeni ikiondolewa mapema, moshi unabaki kuwa hewa ukaa na mvuke kwa sehemu kubwa. Upoze, maji yatoke, kinachobaki unakigandamiza na kukizika ardhini.

Lakini oksijeni peke yake ina moto mkali mno, kwa hiyo sehemu ya moshi hurudishwa tanuruni ishike nafasi ya naitrojeni: ipunguze ukali, ibebe joto hadi kwenye mabomba. Ujerumani walianza majaribio ya njia hii kwenye kituo cha umeme cha Schwarze Pumpe mwaka 2008. Australia waliendesha mtambo wa Callide, megawati 30, hadi 2015. Kinachouma ni umeme: kuitenga oksijeni na hewa kunakula sehemu nene ya umeme ambao mtambo wenyewe unazalisha. Kwa boila ya kiwanda kama chetu, sioni faida.

Ushauri wangu uko kwenye matundu. Tanuru nyingi huvuta hewa kwa ndani, na kila mlango uliolegea unaingiza naitrojeni uliyolipia kuiondoa. Kwenye boila ya kawaida nako hewa hiyo inakupotezea joto na kuni bure. Asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuruga, pitisha mshumaa kwenye viungio. Mwali ukilalia ndani, pamevuja. Badilisha kamba ya kuzibia mlango. Na kama mna kipimo cha oksijeni kwenye dohani, andika namba kabla ya kuziba na baada ya kuziba, moto ukiwa uleule.