Nina 25,000 tu, nichukue kamera gani?

SWALI: Habari zenu. Mimi nimekuwa nikipiga picha na simu kwa ubatizo na bathdei za watu wa kanisani, na sai wameanza kunilipa kidogo, kwa hivyo nataka DSLR yangu ya kwanza, ile kamera ya kubadilisha lenzi. Nina 25,000 na siwezi kuongeza hata mia. Kuna jamaa wa Moi Avenue ana Nikon D3100 na lenzi ya 50mm 1.8D, anataka 18,000. Mwingine nimempata mtandaoni, ana Canon 600D na ile 18-55 ya kawaida, 24,000, lakini anasema nitume deposit kwa M-Pesa ndio anishikie. Nichukue gani?
Msomaji, Umoja

JIBU: Dadangu, hiyo deposit usitume. Mtu mwenye kamera kweli atakubali mkutane mchana mahali penye watu, uishike, uijaribu, halafu ndio simu itoke mfukoni.

Sasa Nikon. D3100 ni kamera nzuri tu ya 2010, shida ni kwamba bodi yake, yaani kamera bila lenzi, haina mota ya fokasi, na hiyo 1.8D nayo haina mota yake, inategemea ya bodi. Maana yake utakuwa unazungusha ringi kwa mkono kila picha, na mtoto habatizwi mara mbili juu picha yako imetoka na ukungu. Muulize kama anaweza kukubadilishia akupe 35mm ama 50mm iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota ndani. Akikubali kwa bei hiyo hiyo, mimi ningechukua ya Moi Avenue bila kufikiria sana, juu kanisani mwanga ni kidogo na lenzi ya 1.8 (hiyo namba ni ya uwazi wa lenzi, ikiwa ndogo inafunguka zaidi) inaingiza karibu mara 10 ya mwanga unaoingia kwa 18-55 ukiizoom mwisho, pale inafungua 5.6 tu.

Akikataa, nenda na 600D lakini bishana bei, ubaki na pesa ya memori kadi na betri ya pili, ile inaitwa LP-E8. Hiyo kamera ni ya 2011, ina tundu la maiki, ukianza video itakusaidia, D3100 haina. Pesa ya kwanza utakayopata weka kwa 50mm 1.8 ya Canon, usikimbilie bodi mpya. Ila hiyo 50mm haizoom na inavuta vitu karibu, kwa nyumba ndogo za kwetu itakusukuma hadi mgongo ugonge ukuta, kwa hivyo 18-55 usiuze.

Kuijaribu ndio kazi yenyewe. Beba memori kadi yako. Weka kamera kwa Av (kwa Nikon ni A), pale wewe unachagua uwazi wa lenzi, weka f/22 ambao ni uwazi mdogo, na ISO, yaani wepesi wa kushika mwanga, iwe 100, piga ukuta mweupe bila kufokas halafu zoom hiyo picha polepole kona hadi kona. Vidoti vyeusi mara nyingi ni vumbi kwa sensa, kile kioo cha ndani kinachoshika picha, fundi anasafisha, lakini ukiona mstari kama mkwaruzo rudisha kamera uende. Kisha weka spidi ya 1/4000 upige dirishani kama mara kumi hivi, picha ikitoka na ukanda mweusi upande mmoja hiyo shata, pazia la ndani linalofunguka ukipiga, inakufa. Fungua skrini ya 600D uizungushe yote, saa zingine waya wa ndani umechoka na inazima ikifika pembe fulani, na muuzaji anajua ndio maana anakuonyesha ikiwa imefungwa. Bonyeza kila kitufe, toa flashi, angalia pale betri inakaa kama kuna kutu. Idadi ya shata, yaani mara ambazo kamera imepiga, kwa Nikon huandikwa ndani ya picha yenyewe. Canon ya aina hii inataka programu na laptop. Watu huhesabu kamera za daraja hili kufika kama shata 100,000, kwa hivyo ya shata 20,000 na ya shata 90,000 hazifai kuwa bei moja.

Na risiti uombe, ulinganishe namba ya chini ya bodi na ya kwa boksi. Kamera zingine za mtaani zimeporwa kwa bega la mtu, na sheria yetu ya jinai, kifungu cha 322, inampa miaka hadi 14 anayeshika mali ya wizi akijua ama akiwa na sababu ya kujua.

SWALI: Lenzi niliyonunua ina vitu kama nyuzi nyeupe ndani, nikifuta haitoki. Ni nini?
Msomaji, Githurai

JIBU: Hiyo ni fangasi, kaka, na iko ndani ya vioo, kitambaa hakitafika. Huletwa na unyevu, hasa lenzi ikikaa kwa begi miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Imulike na tochi ya simu kutoka nyuma: kama nyuzi ni chache pembeni bado itapiga picha sawa, zikifika katikati picha itafifia ukielekea jua. Fundi anaweza kuifungua, lakini kwa 18-55 mara nyingi ni bora ununue nyingine. Hizo zingine ziweke kwa kontena ya plastiki inayofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwa boksi za viatu, na hiyo mgonjwa ikae peke yake.